Brooklyn Lager kwenye joto la Mombasa: chupa ya kununua na chupa ya kuacha

Brooklyn Lager ni bia nzuri isiyopenda safari ndefu, na kutoka New York hadi Kilindini ni mbali. Hilo ndilo jibu la haraka kwa anayeuliza kama inafaa kulipia bei ya bia ya nje ilhali Tusker baridi iko papo hapo kaunta. Ikikufikia freshi, itakuonyesha laga ya Kimarekani, yaani bia inayochachushwa kwenye baridi, ilikuwa na ladha gani kabla haijageuzwa maji ya manjano yenye gesi. Ikikufikia imechoka, Tusker iliyotoka kiwandani juzi inaishinda mchana kweupe. Ndiyo maana hapa bia yenyewe itaelezwa pamoja na jinsi ya kujua kama uliyoishika mkononi bado ni bia ile.

Kileo chake ni asilimia 5.2, na Tusker ya kawaida ina 4.2. Usikimbilie kusema ni kali, kwa sababu chupa ni ndogo. Mililita 355 za bia hii zina takriban mililita 18 za kileo chenyewe, na Tusker ya nusu lita ina 21. Kinachobadilika ni mwendo: bia hii hunywewa polepole, na anayeipiga mafunda ya Tusker atajua baadaye. Kimea ni cha shayiri tupu, hakuna mahindi wala mchele. Sehemu ya kimea hicho imekaushwa kwa moto zaidi hadi ikashika rangi, na ndiyo inayoipa bia wekundu wa shaba badala ya manjano tuliyoyazoea. Kati ya hopsi zake, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, mna Cascade ya Marekani na Hallertauer Mittelfrüh ya Bavaria. Uchungu wake hutajwa kuwa IBU 33 (IBU ni kipimo cha uchungu wa bia), wakati laga za kawaida za Kimarekani huwa kati ya 8 na 18. Mtu aliyezoea Budweiser akinywa hii mara ya kwanza atakunja uso kidogo. Ni sawa, aendelee.

Soma lebo ya nyuma pia. Chupa nyingi zinazouzwa Ulaya hupikwa huko huko kwa mkataba na Carlsberg, na za Marekani zinapikwa Marekani. Si kwamba moja ni halali na nyingine bandia, lakini umbali na umri havilingani, na vyote viwili vina maana kubwa kuliko jina lililo mbele.

Laga ilifika Marekani mikononi mwa wahamiaji wa Kijerumani na Kibohemia. Anayetajwa kuipika kwanza ni John Wagner, Philadelphia, mnamo 1840, kwa hamira aliyotoka nayo Bavaria. Miaka miwili baadaye Josef Groll akatoa bia angavu ya rangi ya dhahabu mjini Plzeň, na kila mpishi wa laga duniani akataka ifanane na ile. Wamarekani wakakwama kwenye shayiri. Iliyostawi kwao ilikuwa ya safu 6, yenye protini nyingi, na protini ikizidi bia hufanya ukungu inapopozwa. Aliyewatatulia ni Anton Schwarz, mzaliwa wa Bohemia aliyehamia Marekani mwaka 1868: changanya mahindi au mchele, protini ipungue kwa kadiri, kwani shayiri hiyo ina vimeng'enya vya kutosha kuvunja wanga wake na wa nafaka nyingine juu yake. Kwa hiyo wanaodhani mahindi yaliingia kwenye bia kwa ubahili wamekosea. Yaliingia kwa ufundi. Ubahili ulikuja baadaye. Laga za wakati ule zilikuwa na asilimia 20 hadi 30 ya mahindi na bado zilikuwa chungu kweli, IBU 25 hadi 40.

Kisha ikaja marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933. Viwanda vidogo vingi vilivyofungwa havikufunguka tena, na vikubwa vilivyobaki vikalainisha ladha mwaka hadi mwaka ili kila mtu anywe na asiwepo wa kulalamika. Brooklyn, mtaa wa jiji la New York uliokuwa na viwanda vya bia kwa makumi mwishoni mwa karne ya 19, ulibaki na viwili tu, Schaefer na Rheingold, navyo vikafunga 1976. Kampuni ya Brooklyn Brewery ilianzishwa 1988 na Steve Hindy na Tom Potter. Hindy alikuwa mwandishi wa shirika la habari la AP huko Mashariki ya Kati, na habari za kupika bia nyumbani alizipata kwa wanadiplomasia waliowahi kukaa Saudia, ambako dukani hainunuliki. Kanuni ya bia iliandikwa na William Moeller, mpishi wa kizazi cha nne, kwa kufuata madaftari ya babu yake aliyepika bia Brooklyn. Chupa za kwanza zilipikwa kwa F.X. Matt mjini Utica, kaskazini mwa jimbo hilohilo la New York, na ile B iliyojikunja kwenye lebo ilichorwa na Milton Glaser, yuleyule wa alama ya "I ♥ NY".

Mkali wa historia atasema hii si laga ya kale halisi maana mahindi hayamo. Ana haki. Iko karibu zaidi na laga ya shaba ya Vienna iliyotiwa hopsi za Kimarekani kuliko ile ya manjano ya Schwarz. Ila walichotaka kurudisha ni uzito na uchungu, na hivyo vimerudi.

Sasa tuje kwenye joto, maana hapa ndipo chupa nyingi hufia.

Wapishi wa bia wana makadirio yao: siku 3 kwenye nyuzi 32 huizeesha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Si hesabu ya maabara, lakini mpangilio wake ni wa kweli. Mombasa mwezi wa Machi hufika nyuzi 32 na kupita, na stoo yenye paa la mabati huwa juu ya hapo. Kreti iliyokaa stoo wiki mbili Machi imezeeka kuliko iliyokaa friji mwaka mzima. Tarehe kwenye lebo haijui habari hiyo. Mwisho wa matumizi unaweza kuwa miezi 5 mbele na bia iliyo ndani ikawa imekwisha zamani.

Kinachotokea ni kwamba hewa kidogo iliyobaki chini ya kizibo hushikana na viasili vya kimea, na joto huharakisha kazi hiyo. Harufu ya hopsi ndiyo inayotangulia kuondoka, kwa sababu Brooklyn Lager hutiwa hopsi kavu wakati bia inatulia kwenye baridi. Hopsi za namna hiyo hazikuchemshwa, kwa hiyo huleta harufu bila kuongeza uchungu, na harufu hiyo ni nyepesi, haina mizizi. Ikishatoka, unabaki na kimea kitupu. Baadaye kimea nacho hubadilika: sukari iliyoungua inakuwa zabibu kavu, kisha asali iliyozeeka. Mwisho kabisa ni harufu ya boksi lililonyeshewa, ambayo wataalamu huiita trans-2-nonenal. Laga ya manjano ikizeeka hukimbilia kwenye boksi moja kwa moja. Hii ya shaba hupita kwenye zabibu kwanza, na hapo ndipo wengi hudanganyika, wakadhani ule utamu mzito ndio ladha yake. Sivyo.

Dukani, basi, angalia haya. Nunua iliyo ndani ya friji. Iliyopangwa rafuni juu ya friji iache, kwani hapo hupigwa na joto linalotoka kwenye mashine. Iliyowekwa dirishani kwa ajili ya kupendeza usiiguse. Tazama kizibo: hewa ya bahari hushikisha kutu haraka, na chupa iliyokaa muda mrefu huwa na duara la kutu chini ya meno ya kizibo. Kutu ikiwa kidogo haiharibu bia, lakini inakuambia chupa imekaa. Igeuze taratibu kuelekea taa. Brooklyn Lager ni bia angavu, kwa hiyo ukiona vijinyuzi au vipande vyeupe vikielea chini, protini zimeanza kugandana na umri umeenda. Stempu ya ushuru ya KRA lazima iwepo. Ipige picha kwa programu ya Soma Label uone kama jina la kinywaji linalotokea ndilo lililo mkononi mwako. Bia isiyo na stempu huenda imepita njia za panya, na njia hizo hazina friji.

Kuna neno linalorudiwa sana mitaani, kwamba bia ikipozwa ikapata joto kisha ikapozwa tena imeharibika. Hivyo sivyo inavyofanya kazi. Kupanda na kushuka kwenyewe si sumu. Kinachohesabika ni jumla ya saa ilizokaa kwenye joto. Stima ikipotea jioni ikarudi usiku, bia zako zilizo ndani ya friji iliyofungwa hazijapata neno. Duka linalozima friji kila usiku ili kupunguza bili, hilo ndilo la kuogopa.

Mwanga nao ni adui, ila adui wa haraka. Jua likipiga bia, viasili vya hopsi huvunjika na kutoa harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na nyeupe haizuii kitu. Brooklyn huja kwenye kahawia, heri hapo. Lakini ukishaimimina kwenye gilasi ufukweni Bamburi saa nane mchana, ulinzi umekwisha. Dakika chache tu juani zatosha kuisikia. Kaa kivulini, au inywe jua likishazama, ambapo ndipo inapofaa zaidi kwa vyovyote.

Kaunta utaulizwa "moto au baridi?" na kwa bia hii majibu yote mawili yana kasoro. Moto wa Mombasa ni nyuzi 28 au 30, na katika hali hiyo gesi hutoka yote kwa mpigo, kileo kinapanda puani, na kimea kinanata mdomoni. Baridi ya freeza nayo huziba pua: utasikia maji na uchungu, basi. Inayotakiwa ni nyuzi 7 hadi 9. Friji ya nyumbani huwa karibu nyuzi 4, kwa hiyo toa chupa, iache mezani dakika 5 hivi, kisha fungua. Joto letu litamaliza kazi iliyobaki, na funda la mwisho litakuwa na ladha tofauti na la kwanza. Kama haikuwa kwenye friji, tumia ndoo: nusu barafu, nusu maji, na konzi ya chumvi ya mawe. Barafu peke yake hugusa chupa mahali pachache tu. Ni maji yanayoizunguka yote, na chumvi huyashusha chini ya sifuri. Robo saa hadi dakika 20 inatosha. Freeza iache, hasa kama ni mtu wa kusahau, kwa sababu bia ya nguvu hii huganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri, na chupa hupasuka.

Gilasi ndiyo inayoharibu bia nyingi nzuri bila kosa la bia. Sabuni iliyobaki na mafuta ya samaki wa jana huua povu mara moja. Ioshe kwa sponji isiyogusa sufuria, suuza kwa maji mengi, igeuze ikauke yenyewe bila kitambaa. Kujua kama ni safi, iloweshe ndani kisha uimwage: maji yakitelemka kama pazia moja ni safi, yakikatika vitone vitone kuna mafuta. Ukishamimina, vipovu vikinata ukutani badala ya kupanda, jibu ni hilohilo. Na gilasi iliyogandishwa hadi ikaota barafu ni ya kupendeza kwenye picha tu, maana barafu hiyo huyeyuka ndani ya bia na kubeba harufu ya samaki iliyokuwamo kwenye freeza.

Mimina ukiwa umeinamisha gilasi hadi nusu ya chupa iingie, kisha isimamishe na umimine katikati bila woga, povu lipande vidole viwili. Wanaomimina kwa uangalifu mwingi ili povu lisitokee wanajisaidia vibaya. Gesi isiyotoka kwenye gilasi itatoka tumboni, na harufu husafiri na gesi.

Hapo hapo angalia mahali ulipo. Feni ikikupuliza usoni, harufu yote inaenda kwa jirani. Dawa ya mbu inayofuka chini ya meza inaishinda bia yoyote, na nyumba iliyochomwa udi jioni si nyumba ya kuonjea kitu. Toka barazani.

Povu la chupa freshi ni jeupe lenye umanjano kidogo, zito, na hushuka taratibu likiacha mistari ndani ya gilasi kila unapopiga funda. Rangi ni ya shaba iliyosuguliwa, angavu kiasi cha kusoma gazeti ng'ambo ya gilasi. Nusa mara mbili tatu, fupi fupi, kabla ya kuonja; pua huchoka upesi. Kwanza litakuja ganda la balungi na maua, hiyo ni Cascade, hopsi iliyotolewa Oregon mwaka 1972 na iliyobadilisha harufu ya bia za Marekani zote. Nyuma yake kuna ganda la boflo lililookwa vizuri, upande wa chini uliogusa bati, na sukari iliyoungua kidogo tu. Uwiano huo ndio wa kuukagua: balungi mbele, boflo nyuma. Ukikuta boflo peke yake, imeanza kuchoka. Ukikuta zabibu, imechoka.

Mdomoni huanza na utamu wa kimea, kwa muda mfupi. Kisha uchungu huinuka na kukaa hadi mwisho, na bia inamalizika kavu. Hapo ndipo ufundi ulipo. Kimea chenye rangi huacha utamu usiochachushwa na hamira, na bila uchungu wa kutosha bia ingekuwa sharubati. IBU 33 imekaa mahali pake. Ingekuwa 45 ungepoteza mkate, ingekuwa 20 ungechoka kabla gilasi haijaisha. Gesi ni ya wastani, chini kidogo ya Tusker, na uzito wake hujaza mdomo bila kunata. Kasoro ninayoiona mimi ni mwisho wa gilasi: ikipita nyuzi 14 sukari iliyoungua hujitokeza mno, na katika mji huu hufika huko upesi. Mimina nusu nusu, chupa irudi kwenye ndoo.

Laga ni bia isiyo na pa kujifichia. Bia zilizotiwa hopsi kwa wingi au kimea cheusi hufunika makosa ya mpishi, hii haifuniki. Hamira yake hufanya kazi kwenye nyuzi 10 hadi 13, kisha bia hupumzishwa kwa wiki kadhaa karibu na sifuri, na kila hatua iliyoharakishwa huacha alama. Harufu ya siagi, ile ya bisi za sinema, inatokana na hamira kunyimwa muda wa kula mabaki yake yenyewe. Wapishi huipandishia joto kidogo kuelekea mwisho ili imalize. Harufu ya mahindi ya kuchemsha haina uhusiano na mahindi. Hutoka kwenye kimea cha shayiri chenyewe, ikiwa kimechemshwa kwa muda mfupi au sufuria imefunikwa, mvuke ukakosa pa kutokea. Tofaa bichi ni bia iliyotolewa kabla haijaiva. Chembe ya kiberiti puani mwanzoni ni kawaida ya laga, nayo hupotea baada ya dakika moja. Brooklyn Lager freshi haina hata moja ya zile tatu za mwanzo, na hiyo ni sifa kubwa kwa kinywaji kinachotengenezwa kwa wingi namna hii. Ukikutana na uchachu wa siki, hasa bia ikitoka kwenye bomba la kaunta, ni mabomba machafu. Huoshwa kila baada ya siku 14, na baa isiyoweza kukuambia yalioshwa lini imeshakujibu.

Njia bora ya kuijua ni kuiweka kando ya bia unayoijua. Gilasi tatu, zote za joto moja: Tusker ya kawaida, Tusker Malt, na Brooklyn. Kiasi cha mililita 100 kila moja kinatosha, na boflo kavu na maji ya kusafishia mdomo katikati. Anza na iliyo nyepesi. Tusker ya kawaida itakupa wepesi na usafi. Ni bia iliyotengenezwa kwa joto, na katika kazi hiyo ya kukata kiu saa saba mchana Brooklyn haiiwezi wala haijaribu. Tusker Malt itakuonyesha kimea kitupu kinavyojaza mdomo. Ukifika ya tatu utasikia kilichoongezwa ni vitu viwili tu, moto kwenye kimea na hopsi za baridi. Ukianza na Brooklyn, Tusker itaonekana maji, na si haki.

Kwenye chakula ndipo bia hii inapojilipia. Sukari iliyoungua ya kimea ni ndugu wa nyama iliyobabuka mkaani, kwa hiyo mishkaki ya ng'ombe ndiyo mwenzake wa kwanza: mafuta yanakatwa na gesi, ncha zilizoungua zinakutana na ganda la boflo, na ndimu inaamsha balungi. Mishkaki ibebe uende nayo nyumbani. Usiingie na chupa kwenye banda la mtu asiyetaka pombe penye kazi yake. Pweza wa kukaanga anafaa vivyo hivyo. Samaki wa kupaka ni mtihani mzuri zaidi: tui zito hufunika ulimi, na laga nyepesi hupotea kabisa ndani yake, lakini uchungu wa hii unapita katikati na kuusafisha. Muhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili unaendana nayo mradi pilipili isizidi, kwa sababu kileo na uchungu wa hopsi huongeza moto wa pilipili badala ya kuuzima. Viazi karai na ukwaju viweke mbali. Ukwaju na hopsi hugombana, na kinachobaki mdomoni ni ladha ya chuma. Kaimati na halua pia hapana, maana mbele ya shira bia yoyote kavu huwa chungu na tupu. Mahamri yasiyo na sukari nyingi, kwa upande mwingine, yana iliki inayoshikana na Cascade kwa namna usiyoitarajia, na mbaazi za nazi zinamalizia. Wengi watashangaa. Jaribu.

Je, inafaa bei yake? Bia ya kuagizwa hulipiwa usafiri na ushuru juu ya ushuru, na utalipa zaidi ya Tusker kwa chupa iliyo ndogo. Kwa chupa moja au mbili za kuonja na chakula, ndiyo, ikiwa freshi. Kwa kikao cha watu sita kuanzia adhuhuri, hapana. Duka geni nunua moja tu, ipoze, ionje siku hiyohiyo, na kama balungi lipo rudi uchukue nyingine za kundi lilelile kabla hazijaisha. Namba ya kundi imechapwa chupani, linganisha. Ukiwa na hiari kati ya chupa na kopo, chukua kopo. Mwanga hauingii kabisa, na hakuna kizibo cha kushika kutu. Lililobonyea kwenye mshono wa juu liache.

Na ukinunua upande wa kisiwani huku unaishi Likoni au Diani, panga safari kwanza. Foleni ya feri mchana, ndani ya gari lililofungwa vioo, ni mahali pa moto kuliko stoo yoyote. Zifunge kwenye gazeti lililoloweshwa, zitie ndani ya mfuko pamoja na barafu, uziweke sakafuni nyuma ya kiti ambako jua halifiki. Ukifika nyumbani zisimamishe wima kwenye friji, si kulazwa, na zisikae mlangoni ambako kila anayetafuta maji ya baridi huzipigisha joto.